BUIBUI HAKUMKOJOLEA MTU: Jinsi ya Kuwatambua na Kuwachunguza Buibui wa Utando wa Duara Nyumbani

Najua baadhi yenu mkishaliona neno "buibui" mtafunua ukurasa upesi mwende kwenye mashairi na vichekesho. Tafadhali ngoja kidogo. Ninayo kesi ya kukusimulia. Katika kesi hiyo mimi ndiye niliyekuwa polisi, nikawa hakimu, nikawa na mnyongaji, yote hayo kabla ya chai ya asubuhi. Pamoja na kisa hicho nitakueleza, kwa jinsi nilivyojifunza mwenyewe, namna ya kuwatambua na kuwachunguza buibui wanaofuma utando wa duara katika maboma yetu. Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza. Haya basi, tuwashe taa.

KISA CHENYEWE

Ilikuwa wiki ya kwanza ya likizo ya Aprili. Kwetu ni nje kidogo ya mji wa Nakuru, na mvua ya masika ilikuwa imeanza. Asubuhi moja dada yangu mdogo, kitinda mimba wetu wa miaka sita, aliamka akilia. Shingoni, chini kidogo ya sikio, alikuwa na mstari mwekundu kana kwamba mtu amemchapa kwa waya wa moto. Nyanya aliutazama mara moja tu, akatikisa kichwa.

"Huyu amekojolewa na buibui," akasema. "Kesho mtaona malengelenge."

Hakuna aliyembishia. Nani angembishia? Jambo hilo hata mimi nimelisikia tangu utotoni. Hata hapa bwenini, mtu akiamka na ngozi iliyoungua huambiwa buibui alimpitia usiku akamwachia mkojo. Basi nikachukua ufagio, nikatoka nje. Juu ya mlango wa nyuma, kwenye kona ya paa karibu na taa, alikuwapo buibui mmoja mkubwa wa rangi ya udongo. Siku zote nilimwona pale na sikuwahi kumjali. Nikampiga kwa ufagio, akaanguka, nikamkanyaga kwa ndala. Kesi ikaisha.

Kesho yake malengelenge yalitoka kweli, kama Nyanya alivyosema. Baba akakata shauri. Alisema kwamba Jumamosi angenunua dawa ya kuua wadudu, aupulizie ua wetu wote wa kayaba, ambao umejaa tando za buibui kutoka langoni hadi kwenye tangi la maji, kisha aufyeke mpaka chini. Ua ule Babu aliupanda mwenyewe. Lakini Baba alisema ua hauwezi kuwa na thamani kuliko mtoto, na hapo alikuwa na haki.

Usiku ule, tukiwa mezani, Mama aliniuliza swali moja tu.

"Yule buibui uliyemuua alikuwa ndani au nje?"

"Nje, Mama."

"Na mtoto alilala wapi?"

"Ndani."

Mama hakusema neno lingine. Aliendelea kupakua ugali. Swali lile lilinikosesha usingizi. Je, ikiwa nilimuua asiye na hatia? Asubuhi nilimwendea Baba nikamwomba anipe muda mpaka Jumamosi ya wiki iliyofuata. Nilimwambia kwamba nikithibitisha ni buibui, nitaipuliza ile dawa mimi mwenyewe.

Baba akacheka. "Sawa, wakili. Lakini mtoto akiungua tena kabla ya siku hiyo, sitangoja."

Basi nikatafuta daftari, kalamu, rula, tochi na ile chupa ya Mama ya kunyunyizia maji nguo anapopiga pasi. Uchunguzi ukaanza.

BUIBUI NI NANI?

Kwanza tusafishe jambo moja. Sisi katika mazungumzo huita kila kinachotambaa "mdudu". Hata hivyo, kwa elimu ya viumbe, buibui hayumo katika kundi la nzi, mbu, siafu na kombamwiko. Hao wana miguu sita, mwili wenye sehemu tatu na papasi kichwani, na wengi wao wana mabawa. Buibui ana miguu minane, mwili wenye sehemu mbili tu, na hana papasi wala mabawa. Ndugu zake wa karibu ni nge, kupe na papasi wale wa vitandani. (Ndiyo, neno "papasi" lina maana mbili! Kiswahili kina mitego yake kama buibui.)

Aina za buibui ni nyingi mno. Mwaka wa 2022 aina zilizoandikishwa na wataalamu duniani zilifikia 50,000. Zaidi ya 3,000 kati ya hizo ni za ukoo mmoja uitwao Araneidae, na hao ndio wafumaji wetu wa utando wa duara.

Utamjuaje buibui wa ukoo huu? Usianze kwa kumtazama buibui, anza kwa kutazama utando wake. Tando zilizovurugika pembeni mwa dari, kama pamba iliyochanguliwa, si zake. Tando nene kama kitambaa zenye shimo mfano wa tundu la panya, hizo pia si zake. Utando wake ni kama gurudumu la baiskeli: kuna kitovu katikati, kuna nyuzi zilizonyooka kama spoku kutoka kitovuni hadi pembeni, na kuna uzi mmoja mrefu unaozunguka na kuzunguka juu ya spoku hizo. Ukiona gurudumu, umempata.

NAMNA ANAVYOFUMA

Siku ya tatu jioni niliona jambo la kuajabisha. Kwenye kona ileile ya paa nilipomuua yule wa kwanza, alikuja buibui mwingine wa aina ileile, mdogo kidogo. Jua lilipozama akaanza kazi. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikamtazama mwanzo hadi mwisho. Hivi ndivyo alivyofanya:

1. Alisimama ukingoni mwa paa akainua tumbo juu, akatoa uzi mwembamba ukachukuliwa na upepo. Uzi ulipepea mpaka ukanasa kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Akauvuta, akaukaza. Hilo likawa daraja.

2. Alitembea juu ya daraja huku akiliimarisha kwa uzi mwingine. Kisha akajiachia kutoka katikati, akaning'inia mpaka chini, akaufunga uzi. Sasa palikuwa na umbo la herufi Y. Makutano ya Y ndiyo yaliyokuja kuwa kitovu.

3. Akaweka fremu ya nje, halafu spoku, moja baada ya nyingine. Hakuziweka upande mmoja zote. Aliweka huku, akaenda kuweka kule, ili utando usielemee upande.

4. Akaanzia kitovuni akazungusha uzi wenye nafasi pana kuelekea nje. Huo ni kama jukwaa la fundi wa nyumba, wa kusimamia tu.

5. Mwisho akageuka. Kutoka nje akarudi ndani akizungusha uzi wa kunata, mizunguko iliyokaribiana sana, huku akiukata ule uzi wa jukwaa. Mguu wake wa nyuma ulikuwa ukipima kila nafasi kama rula.

Kazi nzima ilimchukua muda usiofika saa moja. Nilipomulika kwa tochi kutoka upande, niliona uzi wa kuzunguka una vitone vidogo vya gundi vilivyopangika kama shanga. Spoku hazina gundi. Ndiyo sababu buibui hanaswi ovyo na mtego wake mwenyewe: akitembea hupenda kukanyaga spoku, na hukanyaga kwa ncha za kucha tu.

Kulipokaribia kupambazuka niliamka tena, na huko kuamka ndugu zangu si mchezo wakati wa masika! Nikamkuta akiukusanya utando wake na kuula. Ndiyo, aliula. Uzi wa buibui ni protini, na akiula huutumia mwilini kutengenezea uzi wa kesho. Hapotezi kitu. Baada ya hapo alikunja miguu akajibanza chini ya bati, na mtu asiyejua angedhani ni kibonge cha udongo.

BUIBUI NILIOWATAMBUA

Katika daftari langu niliwapa majina ya utani ili nisichanganyikiwe. Majina ya kitaalamu niliyapata shule ilipofunguliwa, katika kitabu alichonipa mwalimu wetu wa Biolojia. Nitayataja majina ya jamii tu, kwa maana kutofautisha aina moja na nyingine ndani ya jamii ni kazi ya wataalamu wenye hadubini.

Wa kwanza ni Mlinzi wa Usiku, jamii ya Neoscona. Ndiye yule wa kwenye paa. Rangi yake ni kahawia au kijivu, tumbo ni nene, miguu ina vinyweleo. Hufuma jioni, huvua alfajiri. Mtafute karibu na taa za nje, milango na madirisha, kwa sababu wadudu huvutwa na mwanga.

Wa pili ni Mjenga Hema, jamii ya Cyrtophora. Hawa ndio walioujaza ua wetu wa kayaba. Huwapenda pia mikakati na mkonge. Hawaishi peke yao bali kwa makundi, tando zao zikiungana kama vibanda vya soko. Utando wa huyu umelala, haukusimama, nao umeinuliwa katikati kama hema, na juu yake pana msitu wa nyuzi zilizotupwa ovyo. Ukitazama kwa karibu utaona vitundu vidogo mno kama vya chandarua. Hauna gundi. Mdudu anayeruka hugonga nyuzi za juu akaanguka kwenye hema, na buibui humkamata kutoka chini. Yeye havunji utando wake kila siku; huutengeneza tu unapochanika. Mayai huyafunga katika vifuko na kuvitungika mstari mmoja juu yake kama shanga. Kumbe zile "takataka" nilizokuwa nikiziona uani ni vitanda vya watoto!

Wa tatu ni Msalaba, jamii ya Argiope. Nilimwona kwenye nyasi ndefu karibu na tangi. Hukaa katikati ya utando mchana kutwa, kichwa chini, miguu ameibana miwilimiwili hata ikafanya alama ya X. Tumbo lina mistari ya njano, nyeupe na nyeusi. Mara nyingi hushona utepe mweupe wa kigagazigagazi katika utando wake. Wataalamu wanabishana mpaka leo kuhusu kazi ya utepe huo: wako wanaosema unavuta wadudu, na wako wanaosema unawaonya ndege wasiupitie utando.

Wa nne ni Mwiba, jamii ya Gasteracantha. Ni mdogo, lakini tumbo lake ni gumu kama ganda la kaa, limetanuka kwa upana, na limezungukwa na miiba sita. Mara ya kwanza nilidhani ni mbegu iliyonasa.

Wa tano sikumwona kwetu, bali nilimwona Disemba iliyotangulia, nilipomtembelea shangazi yangu Kilifi. Huyo ni Dhahabu, jamii ya Trichonephila, ambayo vitabu vilivyochapishwa kabla ya 2019 vinaiita Nephila. Jike ni mkubwa na miguu yake ni mirefu ajabu, na uzi wake ukipigwa na jua una rangi ya njano kama dhahabu. Dume ni mdogo sana. Ukimwona kando ya mkewe utadhani ni mtoto. Huko Madagaska watu waliwakusanya buibui wa jamii hii zaidi ya milioni moja, wakawavuta uzi na kisha kuwaachilia, na baada ya miaka 4 wakapata kitambaa kimoja kilichoonyeshwa kwenye jumba la makumbusho mjini New York mwaka wa 2009. Kitambaa hicho hakikutiwa rangi yoyote. Hiyo njano ni ya buibui mwenyewe.

JE, WALIKUWA WAKILA NINI?

Kila usiku nilihesabu walionaswa katika utando wa Mlinzi wa Usiku. Usiku wa kwanza: nondo wawili, mbu wanne, na mmoja mwenye mabawa ambaye sikumtambua. Usiku wa kumbikumbi, baada ya mvua kubwa, utando ulilemewa mpaka ukachanika upande, na buibui akawa na shughuli kama mama mwenye harusi. Mtego unapotikisika hukimbia akamfunga mateka kwa uzi, akamwuma, akangoja. Sumu yake ikishafanya kazi humtia mate yanayoyeyusha nyama, kisha hunyonya. Ingawa ana macho manane, haoni vizuri. Anaona kwa miguu, yaani husikiliza mtikisiko wa nyuzi. Nilipougusa utando kwa jani la nyasi aligeuka upesi akaniangalia, au tuseme akanisikia, kisha akatulia.

Katika siku hizo zote nilikaa chini ya buibui, nikapita kati ya tando, moja ikaninasa usoni. Sikuungua hata mara moja. Isitoshe, niliona mavi yao: ni matone meupe mazito kama chokaa iliyomwagika, na yalijaa kwenye saruji chini ya kona ile. Niliyagusa kwa kidole. (Nilinawa baadaye, msinicheke.) Hayakunifanya kitu. Lakini kesi haiishi kwa kusema huyu siye. Ni nani basi?

MKOSAJI ANAPATIKANA

Jumatano ya wiki ya pili, mvua ilikuwa imekatika na hewa ilikuwa ya joto. Niliwasha taa ya nje, nikafungua daftari. Mara vidudu vyembamba vikaanza kuanguka juu ya karatasi. Kila kimoja kilikuwa na urefu usiozidi sentimita moja. Kichwa cheusi, kifua cha rangi ya chungwa, mabawa mafupi yenye kung'aa buluu, tumbo la rangi ya chungwa tena, na ncha nyeusi. Vilikimbia kama siafu, vikiinua mkia kama nge. Kimoja kikaingia kwenye mkunjo wa kiwiko changu. Bila kufikiri nikakunja mkono, nikakiponda.

Sikusikia uchungu wowote, nikaenda kulala. Alhamisi jioni nikaanza kuwashwa. Ijumaa asubuhi nilikuwa na alama mbili nyekundu zenye malengelenge, moja juu ya mkunjo na nyingine chini yake, zikitazamana kama mtu na kioo. Zilikuwa sawasawa na ile ya dada yangu.

Nikakimbilia chumbani kwake. Dirisha lake limeelekea taa ya nje, na kwa kuwa anaogopa giza, taa ya ndani huachwa ikiwaka mpaka usiku wa manane. Ukutani, karibu na mto, palikuwa na vidudu viwili vya rangi zilezile. Siku hiyohiyo Mama alitupeleka zahanati sote wawili. Muuguzi alipotuona hakuuliza maswali mengi. "Nzi wa Nairobi," akasema. "Msimu huu ninawaona kila siku."

Jina ni nzi, lakini si nzi. Ni jamii ya mende wadogo waitwao Paederus. Hawaumi, hawachomi, wala hawakojoi. Sumu yao, iitwayo pederini, imo katika majimaji ya mwili. Ukimponda juu ya ngozi, sumu humwagika, nawe unaisikia baadaye, mara nyingi kesho yake. Ukipangusa jicho kwa mkono wenye sumu hiyo, jicho huvimba. Ndilo watu wanaliita jicho la Nairobi. Huzaana sana nyakati za mvua. Baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 walisumbua watu wengi nchini. Na hata huyu naye ana upande wake mzuri, maana huwala wadudu waharibifu mashambani.

Sasa utaona jinsi kosa lilivyozaliwa. Mtu anapondana na kidudu usingizini, hajui. Kidudu kinaanguka, kinapotea. Anaamka ameungua, anainua macho, na anachokiona ni utando wa buibui kwenye kona. Buibui hana miguu ya kukimbilia mahakamani. Basi anahukumiwa yeye.

HUKUMU

Ijumaa ile jioni nilimpa Baba daftari, nikamwonyesha mkono wangu. Alisoma kurasa zote kimya kimya. Nyanya naye alinivuta mkono akautazama kwa muda mrefu.

"Kumbe miaka hii yote tumemsingizia," akasema.

"Nyanya, hata mimi nilimsingizia," nikajibu. "Tena mimi nilimuua."

Jumamosi Baba hakununua dawa. Pesa zile zilinunua wavu wa mbu wa kuweka dirishani kwa mtoto. Taa ya nje sasa huzimwa mapema. Ua wa Babu ulipunguzwa juu tu kama kawaida, na Wajenga Hema wapo mpaka leo.

NAMNA YA KUFANYA UCHUNGUZI WAKO

Nawe unaweza kuanza hata hapa shuleni, hasa nyuma ya jikoni na kando ya ua wa uwanja wa michezo. Zingatia haya:

Kwanza, chagua utando mmoja uutembelee kila siku saa ileile. Kutazama kumi kwa haraka ni sawa na kutotazama hata mmoja. Pili, andika tarehe, saa, hali ya hewa, upana wa utando kwa rula, mahali alipokaa buibui, na alichokamata. Tatu, ukitaka kuuona utando vizuri mchana, unyunyizie maji kama umande, kidogo tu. Usiku mulika kutoka upande, usimulike moja kwa moja. Nne, usimshike. Buibui wa utando wa duara si mkali, lakini ukimbana anaweza kuuma, na mwumo wake aghalabu huuma kama wa nyuki na kupoa.

Tano, na hili usilisahau: kutowaogopa buibui hawa si kusema buibui wote ni salama. Yuko mmoja, jamii ya Latrodectus, mwenye alama nyekundu au ya chungwa chini ya tumbo mfano wa chupa ya saa ya mchanga. Utando wake umevurugika, si gurudumu, na hujificha chini ya viti, mawe na ndoo za zamani. Usiingize mkono mahali usipopaona. Ukiumwa naye, nenda hospitali.

Sita, ukimwona nzi wa Nairobi mwilini, usimponde. Mpulize aruke, au umwondoe kwa karatasi. Ukiwa umeshamponda, nawa upesi kwa sabuni na maji mengi, na usiguse macho.

KIDOGO KUHUSU LUGHA

Kwa kuwa hili ni jarida la Chama cha Kiswahili, mwalimu mlezi hatanisamehe nikimaliza bila sarufi. Neno buibui ni la watu wawili. Kiumbe huyu yumo katika ngeli ya A-WA: buibui huyu amefuma, buibui hawa wamefuma. Vazi jeusi la akina mama wa pwani limo katika ngeli ya LI-YA: buibui hili limefumka, mabuibui haya yamefumka. Kwa hiyo ukisikia "buibui amechanika", muite daktari wa wanyama. Ukisikia "buibui limechanika", muite fundi cherehani.

HITIMISHO

Mpenzi msomaji, kuhusu Mlinzi wa Usiku wa pili nina kurasa kumi na moja. Kuhusu yule wa kwanza sina hata mstari mmoja, kwa sababu sikumtazama kabla ya kumpiga. Hilo ndilo linaloniuma. Sikumuua kwa uovu, nilimuua kwa kuwa kila mtu alishasema ni yeye. Je, ni mara ngapi hapa shuleni kitu kimepotea bwenini na tayari jina la mtu limeshatajwa kabla ya godoro kuinuliwa? Uliza kwanza lile swali la Mama: alikuwa ndani au nje?

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja tofauti tatu kati ya buibui na mbu.
2. Uzi upi wa utando hauna gundi, nao una faida gani kwa buibui?
3. Kwa nini alama ya nzi wa Nairobi huonekana baada ya muda, na jambo hilo lilichangia vipi buibui kusingiziwa?
4. Tunga sentensi mbili ukitumia neno "buibui" katika ngeli mbili tofauti.

Wakatabahu,
Mwanachama mwenzenu, Kidato cha Tatu.